Bega Nililoshindwa Kuligonga

Jabe, Bujumbura
Jumamosi, saa sita mchana

Mke wangu Mama Salma,

Assalamu alaikum. Mwili wangu ni mzima na chakula kinapita. Nasema mwili, kwa sababu ukiniuliza habari za moyo itabidi nikujibu kwa kurasa nyingi, na ndizo hizi. Wewe hujambo? Mguu wa mama umeshuka ule uvimbe? Jino la Salma limeota, au bado anapiga mluzi akisema shikamoo? Na Abuu je, bado anamwita jogoo "baba"? Uliponiambia hilo kwenye simu nilicheka mbele ya watu, halafu nikaenda nyuma ya karakana nikakaa peke yangu kidogo.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yetu unaijua. Ukiipokea wewe, mama anasema weka sauti kubwa, shemeji Ramadhani anasogeza kigoda, na jirani anazima redio yake apate kusikia vizuri. Haya ya leo ni yako peke yako. Yasome ukiwa kwenye cherehani, kana kwamba unasoma vipimo vya mteja.

Kwanza nikiri. Jumapili iliyopita nilipopiga uliniuliza nimeshindaje, nikakujibu nimeshinda nimelala. Ukasema, "Mbona sauti yako kama ya mtu aliyekimbizwa?" Nikasema ni mtandao. Haukuwa mtandao, Zaina. Siku ile nusura nife, na nusura niue mtu, na kosa lilikuwa langu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikirukia katikati utadhani nimeingia wizi.

Karakana yetu unaijua kwa maneno yangu. Ni ya Mzee Swedi, hapa Jabe, hatua chache kutoka sokoni. Tunatengeneza madirisha na milango ya aluminiamu, na makabati ya vioo ya maduka ya simu. Mzee Swedi ni mtu wa mji huu tangu babu yake, mtu wa swala tano na maneno machache, na ana sheria moja ambayo hata mgeni anaambiwa siku ya kwanza. "Mwenye alifanya, yeye wa kwanza." Maana yake, dirisha likishafungwa, fundi aliyelitengeneza analiegemea mbele ya mwenye nyumba kwa uzito wake wote, visigino vikiacha sakafu. Hata kama ni ghorofa ya tatu. Wateja wanaipenda sana sheria hii. Mimi nimeegemea madirisha zaidi ya siku nilizokaa hapa na sikuwahi kutetemeka, kwa sababu kila skrubu niliitia mwenyewe.

Sasa akaja Patron Fabrice. Patron ndivyo wanavyoita hapa, kama sisi tunavyosema bosi. Anakaa Kinindo, kule kwenye nyumba za bustani karibu na ziwa, na sisi ndio tuliomfungia madirisha ya baraza. Ni mtu mpole, kanisani haruki Jumapili, ila ana ugonjwa mmoja: gari. Ana kigari cha michezo chekundu cha milango miwili, kifupi, kiko chini mno, ukikaa ndani unahisi lami inakukwaruza makalio. Yeye na wenzake wachache wenye ugonjwa huo huo hukutana baadhi ya Jumapili kwenye barabara moja ya lami upande wa bondeni, iliyojengwa kwa ajili ya viwanda ambavyo havijajengwa. Wanaomba ruhusa, wanaifunga kwa kamba, wanakimbizana na saa. Petroli hapa ni shida kuipata, kwa hiyo Patron anaikusanya bidoni kwa bidoni, sisi tungesema dumu kwa dumu, majuma kadhaa, ili aichome kwa asubuhi moja. Usinicheke mimi, mcheke yeye.

Akaja na picha kwenye simu. "Fundi Idrisa, we njo unajuaka aluminium. Nataka aileron ya nyuma. Lakini yenye inabadilika."

Aileron ni bawa. Ni kama ubao mwembamba unaokaa juu ya buti kwa miguu miwili, umeinama kidogo, nyuma juu mbele chini. Gari likikimbia, upepo unaugandamiza chini, na mkia wa gari unashika lami kwenye kona. Ukiuinamisha sana, unagandamiza sana lakini gari linakuwa zito mbele ya upepo. Ukiulaza, gari linakwenda mbio lakini mkia unakuwa mwepesi. Patron alitaka awe anabadilisha mwenyewe, leo hivi, kesho vile, mpaka apate kipimo kinachomfaa.

Nepo akacheka mpaka akaweka chini mashine ya rangi. Nepo ndiye mpiga rangi na mchomeleaji wetu, anatoka Kanyosha, hana dogo. "Gari iko na bawa? Sha, Patron, utaruka ufike Congo bila visa!"

Mimi sikucheka. Unanijua. Neno "siwezi" linanikwama kooni. Ni neno ulilosema utanifundisha tangu tulipooana, na bado sijafaulu. Nikasema, "Inawezekana, Patron." Wiki mbili nikalitengeneza. Na lilipendeza, wallahi, hata wewe ungelisifu. Bati jepesi limekunjwa juu ya mbavu saba, pembeni vibao viwili vya kufunga, miguu ya sahani nene. Nepo akalipiga rangi nyeusi ya kung'aa.

Kosa langu liko hapa, na nataka ulielewe kwa sababu nimelala nalo wiki nzima. Fundi wa madirisha hatoboi tundu la duara. Ukuta wa nyumba haujawahi kunyooka, si Kondoa si Bujumbura, kwa hiyo tunatoboa tundu refu kama mdomo wa mfuko, bolti inateleza humo mpaka fremu ikae sawa, kisha unakaza nati na washa, kile kipete cha chuma chini ya nati, inabana. Mkono wangu umezoea hivyo miaka kumi na miwili. Bawa linatakiwa kubadilika, mkono wangu ukatoboa tundu refu kwenye kila mguu. Unalegeza nati, unalaza au unasimamisha bawa, unakaza. Niliona nimefanya jambo la akili sana. Halikunijia hata mara moja kwamba dirisha halikimbii. Dirisha likishakazwa linakaa pale likingojea wajukuu. Na chini ya washa kulikuwa na ile rangi ya Nepo inayong'aa, laini kama siagi.

Jumapili Patron alitoka misani, akanipitia. Mzee Swedi akanitazama tu. Mwenye alifanya, yeye wa kwanza.

Nikaambiwa kazi yangu. Nitakaa kiti cha abiria, nimefungwa mikanda mabegani na kiunoni, helmeti kichwani, na shingo nimeigeuza nyuma nitazame bawa kupitia kioo. Patron hawezi kuliona, macho yake yako barabarani. "Mi naangalia mbele, we unaangalia nyuma," akasema. "Ukiona kitu, kitu yoyote, unapiga mi ku bega. Unapiga tu. Mi nafunga frein, atutaongea." Frein ni breki.

Nilikuwa nimebandika vipande vya uzi mwekundu juu ya bawa ili tuone upepo unavyopita. Ni ule uzi ulionifungia kwenye kitambaa pamoja na sindano siku naondoka. Nikajiambia, angalau kuna kitu cha Mama Salma humu.

Unakumbuka kona za Bereku, ulivyonicheka kwenye basi kwa sababu nilishika kiti cha mbele mpaka mwenye kiti akaomba nauli ya pili? Sasa chukua woga ule, uugeuze, uutazamishe nyuma. Huoni unakokwenda. Unaona ulikotoka tu, na ulikotoka kunakimbia. Miti, watu waliosimama kwenye kamba, Nepo aliyekuja kushangaa, vyote vinakuwa vidogo kana kwamba umetupwa. Injini inapiga kelele ndani ya meno yako. Nilisoma kila nilichojua, na kisomo chenyewe nilikuwa nakianza upya upya kwa sababu kilikuwa kinanikatikia.

Mara ya kwanza tulilaza bawa kabisa. Likatulia, uzi ukalala vizuri, tukapita kona moja kubwa iliyo karibu na mtaro wa mashamba ya mpunga, tukafika mwisho, tukageuza, tukarudi. Patron anacheka kama mtoto wa shule. Nami nikacheka, huku nimeushika mkanda.

Mara ya pili nikalisimamisha hadi kati, nikatia alama ya kalamu kwenye kila mguu, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote. Tukaondoka. Na katikati ya barabara, Zaina, nililiona.

Upande wa kulia. Polepole, kama mtu anayesinzia msikitini. Mguu wa kulia ulikuwa unaacha alama yake. Bawa linapinda, kulia limeshuka, kushoto bado limeshika, na ule uzi mwekundu wa kulia ukaacha kulala, ukaanza kurukaruka. Nilielewa yote kwa mara moja. Nililiona tundu refu, nikaiona washa, nikaiona rangi. Nilielewa kabla hatujafika kona. Nataka ulijue hili. Muda ulikuwepo.

Na sikumgonga bega.

Nimejiuliza kwa nini mpaka kichwa kinauma. Woga ulikuwepo, ndiyo, mkono ulikuwa umeshika mkanda na ulikataa kuachia. Lakini si woga tu. Ni kwamba nimezoea kuegemea kazi yangu mbele ya mteja nikitabasamu. Sijawahi hata siku moja kumwambia mteja kwamba kitu changu kinateleza. Nikajiambia, kitashika. Kitashika tu, tuvuke hii kona moja, nitakikaza tukirudi. Nilimwacha mtu aingie kwenye kona kwa mwendo ule, huku mimi peke yangu nikijua.

Patron akakata usukani. Mkia ukaondoka. Sijui nieleze vipi, ni kama mtu amekunyang'anya mkeka uliosimama juu yake. Dunia ikapita dirishani, mpunga, lami, mpunga, lami, moshi. Nilipiga kelele. Nilikuita wewe, si mama. Kisha gari likasimama, limetazama tulikotoka, na gurudumu moja la nyuma lilikuwa hewani juu ya mtaro. Ule mtaro una kingo za saruji na kina cha mtu mzima.

Nikasikia Patron anapumua. "Mana yanje," akasema kwa Kirundi, Mungu wangu. Kisha: "Pardon, fundi. Pardon. Ni mi. Nimekanyaga mapema. Ni muguu yangu."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka, na nilichosema ni, "Si kitu, Patron."

Akashuka, akainama kando ya barabara akatapika, mgongo ameupa gari. Wenzake walikuwa mbali bado, wanakuja mbio. Mimi nikashuka upande wangu. Bawa lilikuwa limeinama kama kofia ya mlevi. Mke wangu, mkono ule ule uliokataa kupiga bega ukanyanyuka wenyewe, ukalishika bawa, ukalirudisha kwenye alama yake. Nikakaza nati kwa spana iliyokuwa mfukoni. Walipofika, bawa lilikuwa limesimama vizuri kama askari wa gwaride. Hakuna aliyeona.

Basi jioni ile ndipo uliponiambia sauti yangu kama ya mtu aliyekimbizwa.

Jumatatu tulikuwa na dirisha la kufunga kwenye nyumba ya ghorofa. Likaisha, mwenye nyumba akaja na watoto wake watazame fundi anavyoegemea, maana sifa zetu zimeenea. Nikageuka, nikaweka mgongo, na visigino havikunyanyuka. Nilivitazama. Havikunyanyuka. Nikasingizia kiuno, Nepo akaegemea badala yangu. Kwenye baiskeli tukirudi akaniuliza, "Idrisa, we uko mugonjwa?" Nikasema ndiyo. "Ugonjwa gani yenye ilianza dimanche?" Dimanche ni Jumapili. Nikaongeza kasi ya pedali. Nepo ana utani mwingi lakini macho anayo.

Jumanne Patron alipita karakana kwa miguu. Kwa miguu, mtu yule! Amekonda kwa siku mbili. Akamwambia Mzee Swedi kwamba Jumapili ijayo wenzake wote wanakusanyika, na amebakiwa na petroli ya asubuhi moja tu, na hajui kama ataendesha. Akasema anatazama mguu wake wa kulia kitandani anaona si wake. "Madame analia. Anasema ningeua baba ya watu." Baba wa watu ndiye mimi. Nilikuwa nimesimama pale pale na msumeno mkononi. Akanigeukia. "Fundi, unisamehe sana." Ameniomba msamaha mara ya pili.

Nikangojea aondoke, nikaenda nyuma kwa Mzee Swedi, alikuwa anatia udhu wa alasiri. Nikamwambia. Nilianza vibaya, nikasema huenda, labda, inawezekana. Akafunga bomba.

"Uliona?"

"Niliona, Mzee."

"Mbele ya kona ao nyuma?"

"Kabla ya kona."

"Na kisha ulirudisha na mukono."

Hilo sikuwa nimelisema bado. Nikamuuliza amejuaje. Akasema gari lililetwa hapa Jumapili ile ile kuoshwa tope, na akaona mkwaruzo kwenye rangi, umepinda kama kucha, na bolti haipo mahali mkwaruzo unapoishia. "Mi niko naona kazi ya washa tangu sijaota ndevu. Nilikuwa nakungojea." Siku mbili alikuwa ananingojea! Nilidhani atanifukuza. Akasema tu, "Ngoja niswali. Kisha tutaenda Kinindo."

Alivaa kanzu na kofia kama anakwenda kuposa. Njia nzima nilikuwa nahesabu miti, kwa kila mti nikifikiria kurudi. Mlinzi akatufungulia. Patron alikuwa barazani na mkewe, madirisha yangu nyuma yao yanang'aa. Mzee Swedi akasalimia, akaketi, akanionyesha kwa kidevu. Yaani sema mwenyewe.

Nikasema. Safari hii sikusema huenda. Nikasema tundu refu ni kosa langu, nikasema niliona bawa likishuka kabla ya kona, nikasema sikumgonga bega, nikasema nililirudisha alipokuwa ameinama. Mkewe akaweka mkono mdomoni. Patron akainuka, akaenda kwenye gari, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ule mkwaruzo. Akaupitisha tena na tena. Aliporudi alikuwa analia, na hakuficha.

"Siku tatu," akasema. "Siku tatu nilijua ni mi. Nilikuwa nataka kuuzisha gari. We ulikuwa unajua, na uliniacha niombe we pardon?"

Nikasema, "Niliogopa, Patron."

"Mi pia niliogopa! Mais mi nilisema!"

Mzee Swedi akawa anatazama sakafu. Nilitamani anitetee, hakunitetea, na alifanya vizuri.

Baadaye Patron akatulia. Mkewe akaleta maji. Patron akasema, "Bon. Unaweza kutengeneza vizuri, ao iishe hapa?" Nikasema naweza. Na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilijipima kwanza kabla ya kusema hivyo. Nikamweleza: hakuna tundu refu tena. Matundu ya duara, matano kila mguu, na pini ya chuma inayopita tundu hadi tundu, imefungwa kwa waya isitoke. Bawa halitashikwa kwa kubanwa, litashikwa kwa chuma. Rangi yote ya chini ya washa tutaikwangua.

"Na nani atakaa ku kiti?" akauliza.

Mzee Swedi akasema, "Mi. Ni mi nilikubali hii kazi. Na watoto wangu wamekwisha kukomaa." Miaka sabini na kitu, Zaina, na kanzu yake! Patron akaniangalia. Akasema hanilazimishi, kukataa ni haki yangu, na hatanifikiria vibaya. Nilijua anasema kweli. Ulikuwa mlango wazi kabisa, na mimi ndiye fundi wa milango.

Nakuandikia haya ili usidhani nilisema ndiyo kwa ule ugonjwa wangu wa kutojua kusema hapana. Safari hii nilifikiri. Nikawaza, Mzee macho yake ya mbali hayaoni vizuri, hataona uzi. Asipokaa mtu, Patron atakwenda peke yake na hakuna atakayetazama nyuma. Nikasema, "Nitakaa mimi. Lakini nina masharti." Mzee Swedi akanigeukia, kwa maana hajawahi kusikia neno hilo kinywani mwangu. Nikasema tunaanza pole pole, kila mara tunaongeza kidogo, na nikigonga bega anasimama hapo hapo, hata kama nimekosea, hata kama ni nzi nimemwona. Patron akasema, "Ata kama ni nzi." Tukapeana mikono.

Jana tulimaliza. Nepo na mimi tulilifunga bawa kwenye meza, tukalining'iniza mifuko ya saruji, kisha Nepo mwenyewe akakaa juu yake. Halikusogea hata unywele. Akasema, "Sasa iko dirisha." Najua litashika. Kichwa kinajua. Leo asubuhi tulikuwa kwenye kazi za jamii, kila mtaa unafagia na kuzibua mitaro, na niliposhuka na koleo kwenye mtaro wa saruji wenye kina cha mtu mzima, nikakaa chini pale pale. Watu wakadhani ni jua. Naogopa, mke wangu. Naogopa kona, naogopa kelele ile, naogopa Salma apigiwe mluzi na watoto kwamba baba yake alikufa akitazama nyuma. Na zaidi ya yote naogopa mkono wangu. Pini nimeitengeneza kwa chuma, lakini mkono ni ule ule.

Dereva wa lori la saruji anaondoka leo saa tisa kwenda Kigoma, na ameniahidi kuitia barua posta. Imenibidi nimalize.

Msalimie mama, mwambie dawa ya mguu aimalize hata kama amepona, asiweke akiba kama anavyofanya. Msalimie shemeji Ramadhani, mkuu wa kusogeza vigoda. Msalimie mwalimu wa madrasa wa Salma, na jirani yetu wa redio, umwambie nimemkumbuka sana. Mbusu Abuu, umwonyeshe picha yangu, umfundishe kwamba mimi sina kishungi. Salma mwambie uzi mwekundu wa mama yake umefanya kazi kubwa ambayo hakuna mwalimu atakayemfundisha.

Saa hii ninapoandika, kesho haijafika kwangu. Kwako imeshapita. Wewe unayeshika karatasi hii unajua tayari kama simu ililia Jumapili jioni, na kama iliyokuwa ndani ni sauti yangu. Kama ni mimi, basi nilikuambia ukweli, hata kama shemeji alikuwa kwenye kigoda, na wewe sasa hivi unaniita mjinga mkubwa, na una haki. Kama si mimi, usimsomee mama hii karatasi. Mwambie nilianguka dirishani.

Tangu asubuhi namgonga Nepo begani. Akiinama, nagonga. Akinywa chai, nagonga. Akigeuka kusema na mteja, nagonga. Amekasirika, ameniita kila jina la Kirundi ninalolijua na mengine mapya, na bega lake anasema limevimba. Sijaacha. Nimeiacha kalamu sasa hivi nikaenda nikamgonga tena, na mkono haukungoja nimalize kufikiri.

Mimi mumeo anayekupenda na anayeogopa,
Idrisa, Baba Salma